Jokha Alharthi na Tuzo ya London: Nani Amefunguliwa Dirisha?

Usiku wa Mei 21, 2019, katika ukumbi wa Roundhouse jijini London, mwandishi wa Oman Jokha Alharthi alitangazwa mshindi wa tuzo ya Man Booker International kwa riwaya yake Sayyidat al-Qamar, inayojulikana kwa Kiingereza kama Celestial Bodies. Zawadi ni pauni 50,000, na kwa utaratibu wa tuzo hiyo fedha hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mfasiri, hivyo Marilyn Booth aliyeifasiri naye akaondoka na pauni zake 25,000. Hakuna aliyeandika kwa Kiarabu aliyewahi kuichukua tuzo hiyo kabla ya hapo. Na hakushindana na wachovu. Katika orodha ya mwisho ya vitabu sita alikuwemo Olga Tokarczuk wa Poland, aliyeshinda tuzo hiyo hiyo mwaka uliotangulia, na Annie Ernaux wa Ufaransa. Wote wawili leo wana Nobel.

Baada ya kutangazwa, Alharthi alisema amefurahi kwamba dirisha limefunguliwa kuelekea utamaduni tajiri wa Kiarabu. Kauli ya adabu, ya mgeni aliyekirimiwa. Lakini tangu siku ile imekuwa chanzo cha mabishano ambayo hayajaisha, na mimi nadhani yanatuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili kuliko tunavyokiri. Dirisha hilo limefunguliwa upande gani? Walioko ndani ndio wanaopata hewa, au ni walioko nje ndio wanaochungulia?

Kabla ya kuamua, tukiangalie kitabu chenyewe, maana mengi yanayosemwa kuhusu tuzo hii husemwa na watu ambao hawajakifungua.

Riwaya inatokea al-Awafi, kijiji cha kubuni cha Oman, na inafuata dada watatu: Mayya, Asma na Khawla. Mayya tunamkuta ameinamia cherehani yake, amempenda kijana aliyerudi kutoka masomoni London, kijana ambaye hata hajui kama yeye yupo duniani. Anaozwa mwingine, Abdallah, mtoto wa tajiri Sulayman. Anapojifungua binti, anampa jina London. Watu wanashangaa: mtoto gani anaitwa jina la mji, tena mji wa Wakristo? Mayya hajibu. Khawla anamngoja binamu yake aliyekwenda Kanada, anangoja miaka na miaka, na huyo binamu anaporudi wakaoana na kuzaa, siku moja bibi huyo mvumilivu anaomba talaka. Hakuna ugomvi mpya uliotokea. Amechoka kwa yale ya zamani, yamemrudi yote kwa pamoja.

Hiyo ni nusu ya kitabu. Nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito, ni nyumba ya tajiri Sulayman. Watu wanaambiwa utajiri wake ni wa tende. Tende zilikuwepo, lakini fedha za kweli zilitokana na kuuza watu. Ndani ya nyumba hiyo yumo Zarifa, mjakazi aliyenunuliwa na Sulayman, ambaye ni suria wake na ndiye aliyemlea Abdallah baada ya kufiwa na mama yake. Alharthi anamzalisha mama yake Zarifa siku ya Septemba 25, 1926, siku ile ile mataifa yalipokuwa yanasaini mkataba wa kukomesha utumwa mjini Geneva. Haongezi maneno mengi hapo. Mkataba huko, mtoto wa mtumwa huku, basi.

Kuna sehemu ambapo Sanjar, mtoto wa Zarifa, anamwita binti yake Rasha. Zarifa anahamaki, kwa sababu hilo ni jina la mabinti wa mabwana, na tajiri Sulayman hatalikubali. Sanjar anamwambia mama yake kwamba sheria imeshawafanya huru, wanaweza kwenda watakako na kuwaita watoto wao majina wanayoyataka. Baadaye anaondoka kwenda Kuwait. Zarifa ndiye anayebaki na jeraha, kwa kuwa uhuru umekuja umri umeshakwenda, na mtu aliyemmiliki ndiye pia mtu aliyempenda, au aliyedhani amempenda. Mwandishi hatuamulii. Ukizilinganisha zile kaya mbili, ile ambayo mke wa mtoto wa tajiri anamwita mwanawe London na watu wanaishia kushangaa tu, na hii ambayo Rasha tu ni uasi, unaona daraja zima la jamii bila mwandishi kupiga hotuba.

Sasa hoja za wanaosema tuzo ile ilikuwa heri tupu.

Ya kwanza ni kwamba kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya London. Alharthi alikuwa Edinburgh akisomea shahada ya uzamivu ya fasihi ya Kiarabu ya kale, na amewahi kueleza kwamba huko ugenini, akilazimika kuandika kitaaluma kwa Kiingereza, alirudi kwenye Kiarabu chake kwa hamu ya nyumbani. Riwaya ilitoka mwaka 2010 kwa wachapishaji wa Dar al-Adab, Beirut, na mwaka huo huo ikapata tuzo ya riwaya bora nchini Oman. Mcheza kwao hutuzwa, na huyu alishatuzwa kwao miaka tisa kabla Waingereza hawajamsikia. Kwa hiyo anayesema amejikombakomba kwa wageni anapaswa atuonyeshe ukurasa gani umeandikwa kwa macho ya kizungu. Mimi sijauona. Masimulizi yanaruka nyuma na mbele, sura moja ya mtu huyu, nyingine ya mtu yule, na Abdallah anasimulia maisha yake akiwa ndani ya ndege inayokwenda Frankfurt, mawazo yakivuka miaka arobaini kwa sentensi moja. Mtu anayetaka kumrahisishia mgeni haandiki hivyo.

Ya pili ni nguvu ya kutaja lisilotajwa. Utumwa Oman ulifutwa kisheria mwaka 1970, Sultan Qaboos alipochukua utawala kutoka kwa baba yake. Maana yake wapo watu wazima leo waliozaliwa na wazazi waliokuwa mali ya mtu. Alharthi mwenyewe amesema hilo ni jambo nyeti lisilozungumzwa kwa urahisi na kwamba fasihi ndiyo mahali panapofaa kulizungumzia. Tuzo iliipa hoja hiyo kipaza sauti. Kitabu ambacho kingeweza kubaki cha wasomaji wachache wa riwaya za Kiarabu kilisomwa upya hata na wale waliokipuuza, kikatafsiriwa kwa lugha nyingine nyingi, na tafsiri yake ya Kifaransa nayo ikashinda tuzo ya fasihi ya Kiarabu nchini Ufaransa mwaka 2021.

Ya tatu, na hii huwa haipewi nafasi inayostahili, ni huo mgao wa nusu kwa nusu. Tangu mwaka 2016, tuzo hii ilipoacha kutolewa kila baada ya miaka miwili kwa mwandishi kwa kazi zake zote na kuanza kutolewa kila mwaka kwa kitabu kimoja kilichotafsiriwa, mfasiri amehesabiwa kuwa mshirika kamili. Ulimwengu wa vitabu umezoea kumlipa mfasiri kama fundi wa kupaka rangi: kazi ikiisha apokee chake aondoke, jina lake litafutwe ukurasa wa nne kwa maandishi madogo. Booth ni msomi wa fasihi ya Kiarabu aliyekuwa akifundisha Oxford, na alifahamiana na Alharthi tangu Edinburgh. Bila yeye kusingekuwa na Mei 21.

Wapinzani nao wana hoja, na si za wivu tu kama baadhi ya mashabiki wanavyodai.

Tuzo inajiita ya kimataifa, lakini mlango wake ni mmoja: kitabu kiwe kimetafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Uingereza au Ireland. Riwaya ya 2010 ilibidi ingoje mpaka 2018, mchapishaji mdogo wa Scotland, Sandstone Press, alipoitoa. Katika miaka hiyo minane haikuongezwa wala kupunguzwa nukta, ila machoni pa tuzo haikuwepo. Tunapenda kusema chema chajiuza. Hakijiuzi. Chema hiki kilihitaji mwalimu wa chuo kikuu aliyekipenda, mchapishaji asiyeogopa hasara, na majaji waliokipata mezani. Kimojawapo kingekosekana, Alharthi angekuwa leo mwandishi yule yule, mwenye kipaji kile kile, na sisi tusingemjua.

Hapa kuna jambo linalokera kidogo. Waarabu wana tuzo yao kubwa, inayotolewa Abu Dhabi tangu 2008, ambayo mshindi hupata dola 50,000. Mwezi mmoja kabla ya usiku ule wa London, mwaka huo huo wa 2019, mwanamke mwingine, Hoda Barakat wa Lebanon, aliishinda. Wangapi kati yetu tulisikia? Na tuzo hiyo yenyewe watu huiita Booker ya Kiarabu, maana ilianzishwa kwa kushauriana na wenye Booker ya London. Yaani hata pale Waarabu wanapotuzana wenyewe kwa lugha yao, kipimo kimeazimwa. Anayelalamikia hilo hakosei.

Hoja nzito zaidi ya upande huu, kwangu mimi, inahusu usomaji. Mwanamke wa Kiarabu akishinda London, kitabu chake hugeuka ushahidi. Waandishi wa habari wanamuuliza juu ya hijabu, juu ya hali ya wanawake, juu ya utumwa, juu ya serikali yake, na anajikuta balozi wa nchi ambayo hakutumwa kuiwakilisha. Ernaux akiandika juu ya maisha ya wanawake wa Ufaransa watu wanajadili mtindo wake, jinsi alivyoondoa neno "mimi". Alharthi akiandika juu ya wanawake wa Oman watu wanajadili Oman. Mwenyekiti wa majaji, mwanahistoria Bettany Hughes, alikisifu kitabu kwa kukwepa picha zilizozoeleka kuhusu jinsia, rangi na utumwa. Sifa nzuri, na ya kweli. Ila jiulize kwa nini ilibidi isemwe. Inasemwa kwa sababu ndicho kilichotarajiwa: kwamba kitabu kutoka huko kitakuja kimebeba picha zile zile.

Nikipima, naona wapinzani wana haki kuhusu mfumo na wanakosea kuhusu kitabu. Kuna watu wanaochukua ukweli kwamba mlango ni wa Kiingereza, wakaruka moja kwa moja hadi kusema kila aliyepita hapo amejiuza. Hiyo ni dharau kwa mwandishi aliyeandika kwa lugha yake, kuhusu kijiji chake, na kuchapishwa Beirut. Upande wa pili, mashabiki nao wanachukua ubora wa kitabu wakaufanya uthibitisho kwamba tuzo inaona kila kilicho bora duniani. Tuzo iliona vilivyofika mezani. Majaji wangeweza kuwa waadilifu kama malaika na bado wasingeweza kumtuza mtu ambaye hakufasiriwa.

Na hapo ndipo tunapoingia sisi.

Uhusiano wetu na kitabu hiki ni wa damu. Watumwa waliojaza nyumba kama ya Sulayman, wengi walipitia pwani hii. Zanzibar ilikuwa makao ya masultani wa Oman. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na leo pale Mkunazini limesimama kanisa kuu la Anglikana. Utumwa wenyewe ulifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, miaka 73 kabla ya Oman. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Qaboos kuwaita Waomani waliokuwa nje, familia nyingi zilihama kutoka visiwani kwenda Muscat, na Kiswahili kikahama nao. Mpaka leo ziko nyumba za Muscat ambazo bibi na mjukuu wanazungumza Kiswahili sebuleni. Zarifa si mgeni kwetu. Anaweza kuwa nyanya ya mtu unayemjua, hapa au kule.

Fasihi yetu imekwishagusa mambo haya, tena mapema. Adam Shafi alichapisha Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, akamwonyesha bwana wa shamba na wale wanaomtumikia kabla na baada ya Mapinduzi. Abdulrazak Gurnah, kwenye Paradise ya mwaka 1994, alimfuata mtoto aliyewekwa rehani kwa ajili ya deni la baba yake. Weka vitabu hivyo viwili mezani pamoja na cha Alharthi, uone safari zao. Gurnah, aliyeandika kwa Kiingereza, alipata Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Alharthi, kwa Kiarabu, alihitaji miaka minane kufika Kiingereza. Kwa Kiswahili hesabu ni nyingine kabisa: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku mashuleni, imefika kwa Kiingereza kwa tafsiri ya Jay Boss Rubin mwaka 2025. Nusu karne na ushee. Mwandishi alikuwa ameshafariki miaka mitano nyuma, na mchapishaji yuko Marekani.

Na huyo ni mwanamume, tena jina kubwa linalosomwa vyuoni. Vipi Zainab Burhani, Mzanzibari aliyeandika Mali ya Maskini na Mwisho wa Kosa, vitabu ambavyo watu wa rika fulani waliviazimana mpaka majalada yakatoka? Vipi Zainab Alwi Baharoon, aliyeshinda tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell kwa riwaya yake Mungu Hakopeshwi? Hao wana kila alichokuwa nacho Alharthi mwaka 2010: kitabu, lugha yao, na wasomaji wa nyumbani. Asichokuwa nacho mwandishi wa kike wa Kiswahili ni Marilyn Booth wake, na mchapishaji mdogo wa Scotland wake.

Kuna wanaosema basi tuachane na mbio hizo, tutuzane wenyewe. Nawaelewa, na wamekwishaanza. Tuzo hiyo ya Mabati-Cornell, siku hizi Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014 na zawadi zake kwa jumla ni dola 15,000. Tanzania nayo imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, mshindi wa kwanza akipata shilingi milioni 10. Shilingi milioni 10 kwa riwaya ya Kiswahili si mchezo, ukijua mwandishi wa kawaida anachovuna kwenye mrabaha. Kinachonitia shaka ni kile kinachofuata baada ya picha na waziri. Mshindi anapongezwa, anarudi nyumbani, na mzunguko wa kitabu unaishia mipakani. Nairobi hawakisomi cha Dar, Dar hawakisomi cha Mombasa, Bujumbura na Bukavu, ambako nako Kiswahili kinazungumzwa kila siku, hata hawajui kama kimetoka. Kabla hatujalilia Kiingereza, tujiulize kama riwaya ya Unguja inapatikana kwenye duka la vitabu la Kisumu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka kuisusa tuzo ya London, na sikubaliani na wanaoingoja ije ituvumbue. Alharthi alipata kwanza tuzo ya nyumbani, ya pili ikawa London, na kati ya hizo mbili kulikuwa na mtu mmoja aliyekaa na kamusi miaka kadhaa. Tukitaka kujua kwa nini Baharoon hayuko kwenye orodha zile, tusianze na majaji. Tuanze na vyuo vyetu: vinavyofundisha ufasiri vipo, na wanafunzi kila mwaka wanaandika tasnifu juu ya tafsiri za matangazo, za maandiko matakatifu, za nyaraka za serikali. Riwaya nzima ya Kiswahili kwenda Kiingereza, au Kiarabu, au Kifaransa, kama kazi ya shahada yenye mchapishaji anayeingoja, ni nadra. Mfasiri wa riwaya ya kurasa mia tatu halipwi na yeyote mpaka kitabu kiuzwe, na hakiuzwi mpaka kifasiriwe. Tuzo ya Nyerere ikitenga hata sehemu ya zawadi yake kwa mfasiri wa kitabu kilichoshinda, kama London inavyofanya, gharama yake haizidi ile ya ukumbi wa sherehe.

Na mwelekeo wa pili usisahauliwe. Hiki kitabu cha Alharthi, chenye Zarifa ndani yake, wengi wetu tunakifikia kwa kupitia Kiingereza, lugha ambayo si ya aliyeandika wala ya aliyeandikwa. Wako Waswahili wa Muscat wanaojua Kiarabu na Kiswahili kwa kiwango ambacho si Booth wala Hadjivayanis angehitaji kukitilia shaka. Baadhi yao bibi zao walikuwa mabibi wa nyumba zile, na baadhi bibi zao walikuwa Zarifa. Kazi hiyo ingekuwa yao.